Maisha ya Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Kila mwaka mtihani wa mwezi wa Novemba unapokaribia, wanafunzi wa kidato cha nne hapa Nkoma huanza kutafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Maswali ya Fizikia hufanywa jioni wakati wa kujisomea, na wenye bidii zaidi huyarudia alfajiri kabla ya kengele. Jambo hili ni jema. Lakini ziko njia mbili za kuyafanya maswali hayo. Wako wanaolikariri jibu kama wimbo wa ngoma, wakiomba Mungu swali lije vile vile lilivyokuja mwaka ule. Na wako wanaotaka kujua jibu limetoka wapi. Nimeona vema niwaeleze wenzangu, walimu na wazazi maisha ya mtu mmoja aliyeifuata njia hii ya pili tangu utoto mpaka uzee. Jina lake tunalikuta kila tufikapo katika mada ya sumaku na umeme, nalo ni Michael Faraday wa Uingereza. Hakusoma sekondari wala hakuingia chuo kikuu, na hata hivyo wenye vyuo vikuu walimwamkia kama mwalimu wao.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington Butts, ambapo siku hizi pamekwisha kumezwa na mji wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kuja kutafuta kazi mjini. Bahati mbaya afya yake ilikuwa dhaifu, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Siku zile Waingereza walikuwa wakipigana na Wafaransa, na bei ya nafaka ilipanda sana. Husimuliwa kwamba mwaka 1801, Michael alipokuwa na umri wa miaka 9, alipewa mkate mmoja tu wa kumtosha wiki nzima. Sisi Wasukuma, ambao tumesikia kwa wazee habari za miaka ambayo mvua ilikataa na mtama ukakauka shambani, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Shuleni alifundishwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipotimiza miaka 13, mwaka 1804, alipata kazi kwa Bwana George Riebau, muuza vitabu wa mtaa wa Blandford mjini London. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti. Gazeti lilikuwa ghali, kwa hiyo watu walilikodi. Kijana alilipeleka nyumba moja, akalirudia baadaye na kulipeleka nyumba nyingine. Bwana Riebau alimwona kijana huyu ni mwaminifu, na mwaka 1805 akamchukua kuwa mwanagenzi wa kutia vitabu majalada kwa muda wa miaka 7, bila kumtoza ada ya kufundishwa kama ilivyokuwa desturi.

Wanagenzi wengine wa kazi ile walishona kurasa na kugandisha ngozi tu. Michael alizisoma kurasa kabla ya kuzishona. Siku moja kililetwa kitabu kikubwa cha maarifa yote kiitwacho Encyclopaedia Britannica, naye akakuta humo habari za umeme. Akasoma pia kitabu cha Bibi Jane Marcet kilichoeleza Kemia kwa njia ya mazungumzo. Hapo ndipo ilipoonekana tabia yake iliyomtofautisha na wasomaji wengine. Hakukubali neno kwa kuwa limepigwa chapa. Alichukua senti chache alizozipata, akanunua chupa na vitu vidogo vidogo, akayafanya majaribio yaliyoelezwa kitabuni ili aone kwa macho yake kama ni kweli. Alipoona kwamba kitabu cha Bibi Marcet kinasema kweli katika yale aliyoweza kuyajaribu, ndipo akakiamini. Alijitengenezea hata mashine ndogo ya kutoa umeme kwa kusugua kioo.

Tangu mwaka 1810 alianza kuhudhuria mihadhara ya jioni ya Bwana John Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila mhadhara, na shilingi hiyo hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake, Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi kama baba yao. Jina la Robert halimo katika vitabu vyetu vya Fizikia, lakini bila nyundo yake huenda jina la mdogo wake lisingekuwamo pia. Wazazi na ndugu zetu wanaouza pamba ili tupate madaftari na nauli ya kurudi bwenini wajue kwamba kazi yao ni ya namna hiyo hiyo.

Katika mihadhara ile Michael aliandika mambo machache haraka haraka, kisha akirudi nyumbani akayaandika upya kwa urefu na kuchora vyombo vyote vilivyotumika. Ili michoro iwe safi, alijifunza kuchora kwa msanii mmoja Mfaransa aliyekuwa akipanga katika nyumba ya Bwana Riebau. Basi kila somo alilipata mara tatu: alilisikia, akaliandika, akalichora.

Mwaka 1812, miezi ya mwisho ya uanagenzi wake, mteja mmoja wa duka, Bwana William Dance, alimpa tiketi za mihadhara minne ya Sir Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa mtaalamu wa Kemia aliyesifiwa kuliko wote Uingereza. Faraday akaandika yote aliyoyasikia na kuyaona, kurasa karibu 300, akayatia jalada zuri kwa mikono yake. Alikuwa amekwisha kumwandikia Rais wa Royal Society kuomba kazi yoyote katika mambo ya sayansi, asipate jibu. Mwezi wa Desemba 1812 akampelekea Davy kitabu kile pamoja na barua. Davy alipendezwa, lakini nafasi haikuwapo, akamshauri aendelee na kazi ya majalada. Hata mwanzo wa mwaka 1813 msaidizi mmoja wa maabara akafukuzwa kwa sababu ya ugomvi, na tarehe 1 Machi, 1813, Faraday akaandikwa kazini mahali pake. Alipewa mshahara mdogo, vyumba viwili vya juu, makaa na mishumaa. Mahali hapo pakawa nyumbani kwake kwa miaka zaidi ya 40.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alifuatana na Davy na mkewe katika safari ya Ulaya iliyochukua mwaka mmoja na nusu. Alikwenda kama msaidizi wa sayansi, lakini akafanywa pia mtumishi wa kufungua na kufunga mizigo, na mke wa Davy hakumheshimu. Mara nyingine alitamani kurudi kwenye gundi na ngozi zake. Hata hivyo alivumilia, kwa kuwa njiani alikutana na watu aliokuwa akiwasoma. Paris alimwona Ampère, na Milan alimwona mzee Volta. Sisi huandika majina ya mabwana hao kila siku tunapoandika ampea na volti, wala hatukumbuki kwamba walikuwa watu wenye miili na sauti.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme huisogeza sindano ya dira. Habari hiyo ikaenea Ulaya yote, na kila mtaalamu akaandika maelezo yake, hata ikawa vurugu. Mwaka 1821 rafiki yake Faraday aliyekuwa mhariri wa jarida la sayansi alimwomba aandike historia fupi ya mambo yote yaliyokwisha kugunduliwa. Mtu mwingine angekusanya karatasi za wenzake, akaandika muhtasari, akalala. Faraday hakufanya hivyo. Alilichukua kila jaribio lililoandikwa na wengine akalirudia mwenyewe mezani pake, moja baada ya moja. Kwa maneno ya shule zetu, alifanya maswali yote ya miaka iliyopita, ingawa majibu alikuwa nayo mkononi.

Katika kuyarudia maswali ya wengine ndipo alipokuta swali ambalo hakuna aliyelijibu. Aliona kwamba sindano haivutwi tu wala haisukumwi tu na waya, bali hutaka kuuzunguka. Mwezi wa Septemba 1821 akatia zebaki katika chombo, akasimamisha sumaku ndani yake, akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki, akapitisha umeme. Waya ukaizunguka sumaku bila kukoma. Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme duniani. Mashine za kusaga zinazozungushwa kwa umeme na feni za dukani ni wajukuu wa waya ule. Ugunduzi huo ulimletea lawama pia, maana aliharakisha kuuchapisha bila kuwataja Wollaston na Davy, waliokuwa wakilifikiria jambo karibu na hilo. Alipochaguliwa kuingia Royal Society mwaka 1824, aliyempinga ni Davy mwenyewe, aliyekuwa Rais wake.

Swali lililofuata lilikuwa hili: ikiwa umeme huzaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Alilijaribu mara kadhaa katika miaka iliyofuata, naye akashindwa. Kila aliposhindwa aliandika katika daftari lake kwamba hakuna kilichotokea, akaendelea na kazi nyingine, kisha akalirudia tena.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma yenye upana wa inchi 6. Upande mmoja akaizungushia waya wa shaba, na upande wa pili akazungusha waya mwingine usiogusana na wa kwanza. Siku zile waya wenye ngozi ya plastiki haukuwapo, kwa hiyo aliitenga mizunguko kwa uzi na kitambaa cha pamba. Koili ya kwanza aliiunganisha na betri. Ya pili aliipitisha karibu na sindano ya sumaku ili aone kama itapata umeme. Alipounga betri, sindano ikashtuka, ikayumba, kisha ikarudi mahali pake na kutulia, ingawa betri ilikuwa bado inafanya kazi. Alipoiondoa betri, sindano ikashtuka tena.

Watu wengine walikuwa wametazamia mkondo wa kudumu, na kwa kuwa hawakuuona walidhani hakuna kitu. Faraday hakuudharau mshtuko ule mdogo. Akafikiri: kwa nini huonekana wakati wa kuunga na wakati wa kuondoa tu? Tarehe 17 Oktoba aliingiza sumaku ya mche ndani ya koili, na sindano ikaenda upande mmoja. Akaitoa, ikaenda upande wa pili. Akaiacha imetulia ndani, sindano nayo ikatulia. Tarehe 28 Oktoba akaizungusha sahani ya shaba baina ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika muda wote sahani ilipozunguka. Ikawa jenereta ya kwanza. Jibu lilikuwa limepatikana: umeme huzaliwa na badiliko. Sumaku iliyotulia hata ikiwa kubwa kama nyumba haitoi kitu. Sumaku ndogo inayokwenda hutoa. Na ikienda kwa kasi zaidi hutoa zaidi.

Wenzangu, tazameni swali ambalo watahini hupenda kuliuliza kwa sura nyingi. Galvanometa itaonyesha nini sumaku ikiwa imewekwa kimya ndani ya koili? Aliyekariri kwamba sumaku na koili hutoa umeme atajibu kwamba mshale utakaa pembeni, naye atakosa. Aliyeisoma habari ya tarehe 17 Oktoba, au aliyelifanya jaribio lenyewe katika maabara, atajibu sifuri bila kusita. Tena akiulizwa kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa betri, atalijua jibu ijapokuwa hajawahi kuliona swali hilo, maana mkondo wa betri ukishatulia haubadiliki. Na hesabu zake zitamjia kwa urahisi. Transfoma yenye mizunguko 2,000 upande wa kuingizia na 100 upande wa kutolea hugawanya volti mara 20. Basi ukiingiza volti 240 utapata volti 12. Ile pete ya inchi 6 ndiyo transfoma ya kwanza.

Matunda ya kazi hiyo tunayaona hapa kwetu Tanzania. Katika bwawa la Kidatu maji huzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 204. Katika bwawa la Julius Nyerere juu ya mto Rufiji mitambo ni 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ukubwa wake unatisha, lakini sheria iliyomo ndani ni ile ile ya sahani ya shaba: maji huzungusha, sumaku na waya hupishana, umeme huzaliwa. Taa inayowashwa Bariadi usiku ina asili yake katika mshtuko wa sindano moja mwaka 1831.

Baada ya hayo Faraday aligeukia umeme unaopita katika maji yenye chumvi na madini. Miaka ya 1833 na 1834 alipata sheria mbili ambazo leo zimo katika vitabu vyetu vya Kemia, na maneno ioni, elektrodi, anodi na kathodi yalianza kutumika katika kazi yake hiyo. Sheria ya kwanza husema uzito wa kitu kinachoachwa kwenye elektrodi hulingana na kiasi cha umeme kilichopita. Kwa mfano, mkondo wa ampea 2 ukipita kwa sekunde 965 katika maji yenye chumvi ya shaba, umeme ni kulomu 1,930. Ukigawanya kwa 96,500, idadi ambayo imepewa jina la Faraday, utapata 0.02, na kwa kuwa shaba hushika malipo mawili, uzito wake ni 0.02 mara 32, yaani gramu 0.64. Mwenye kuelewa sheria hahitaji kukumbuka swali lilikuwa la shaba au la fedha.

Jambo ninalolistaajabia kuliko yote ni daftari lake. Kumbukumbu ya Faraday haikuwa nzuri, na baada ya kuugua sana karibu na mwaka 1840 ilizidi kumpotea. Hakuitegemea kichwani. Tangu mwaka 1832 alikitia namba kila kifungu alichoandika, naye akaendelea hivyo mpaka jaribio la mwisho la mwaka 1862, alipofika kifungu cha 16,041. Aliandika yaliyofaulu na yaliyoshindikana kwa mwandiko ule ule. Mwaka 1849 alitafuta uhusiano wa umeme na nguvu ya uvutano wa dunia, asiuone, naye akaandika kwamba hakuuona.

Wala kushindwa kwake hakukupotea bure. Kuanzia mwaka 1825 alipoteza karibu miaka 5 akitengeneza vioo vizito kwa ajili ya darubini, kazi ambayo haikuleta faida iliyotazamiwa. Lakini tarehe 13 Septemba, 1845, alipotaka kujua kama sumaku inaweza kuathiri mwanga, vitu vingine vyote alivyovijaribu havikuonyesha kitu, mpaka alipochukua kipande cha kioo kile kile kizito kilichowekwa kando. Hapo ndipo mwanga ulipogeuka, na ikathibitika kwamba mwanga na sumaku ni ndugu. Kama angekitupa kioo chake, angekosa ugunduzi wake.

Wako wenzetu wanaoikimbia Fizikia kwa sababu ya hesabu. Habari ya Faraday inawafariji, lakini pia inawaonya. Hesabu za juu hakuzijua hata kidogo. Badala yake aliona kwa macho ya moyo mistari ya nguvu ikitoka katika sumaku na kujaa mahali pote, ile tunayoiona tukinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi. Wataalamu wengi wa hesabu waliipuuza mistari hiyo. Ndipo kijana wa Scotland, James Clerk Maxwell, tangu mwaka 1855, akaanza kuigeuza mistari ya Faraday kuwa hesabu, na kwa hesabu hizo akagundua kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Redio na simu zikafuata. Basi mtu aweza kuelewa mambo makubwa kabla ya kuzijua hesabu zake, na hilo ni faraja. Lakini Faraday mwenyewe alijuta kwamba hawezi kuzisoma kurasa za Maxwell, akamwomba amwelezee kwa maneno ya kawaida. Sisi ambao walimu wetu wanatufundisha hesabu mpaka jasho linawatoka hatuna ruhusa ya kujivunia kutozijua.

Faraday hakuificha elimu yake. Alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni, na akawahutubia vijana wakati wa Krismasi katika miaka 19. Mada iliyopendwa sana ilikuwa mshumaa. Kwa mshumaa mmoja wa kawaida aliwaeleza watoto habari za hewa, maji, joto, mwanga na pumzi za mwanadamu. Hapa kwetu koroboi ingefaa vile vile. Shule isiyo na vyombo vingi isikate tamaa: sumaku iliyotolewa katika spika mbovu, waya wa mota iliyoungua na dira ndogo vinatosha kulirudia jaribio lililobadilisha dunia.

Kwa tabia alikuwa mpole, mcha Mungu, asiyependa makuu. Alimwoa Sarah Barnard mwaka 1821 nao hawakujaliwa watoto. Aliukataa urais wa Royal Society, na cheo cha kuitwa Sir hakukitaka. Mwaka 1855 aliandika gazetini kuonya juu ya uchafu wa mto Thames, akieleza jinsi alivyotupa vipande vya karatasi nyeupe majini na kuvipoteza machoni kabla havijazama kidogo. Serikali ilipomtaka ushauri juu ya gesi ya sumu kwa vita vya Crimea, alikataa kuitengeneza. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa Hampton Court, na huko alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, akiwa ameketi kitini pake. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, bila fahari. Kipimo cha kapasita kinaitwa faradi kwa heshima yake.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Lakini roho hiyo imekwisha kuonekana katika shule ya Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, wilaya ya Lushoto, alitia maziwa ya moto katika jokofu kutengeneza aisikrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza sababu, akachekwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la Uingereza, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Wale waliomcheka walikuwa na jibu la kukariri. Yeye alikuwa na maziwa yaliyoganda.

Basi, wenzangu wa kidato cha nne, na nanyi wadogo zetu mnaofuata, tujifunze kwa mwana wa mhunzi. Tukilifanya swali la mwaka uliopita tusiliache kwa sababu tumeliona jibu. Tubadilishe namba zake. Tuulize ingekuwaje kama sumaku ingetulia, kama mizunguko ingeongezwa, kama betri ingewekwa badala ya mkondo wa kubadilika. Linaloweza kujaribiwa maabara tulijaribu. Lililotushinda tuliandike daftarini na tarehe yake, tulirudie baada ya wiki. Anayefanya maswali 20 kwa njia hii atakuwa amejiandaa kuliko aliyekariri 200, maana mtahini anaweza kuibadilisha sura ya swali, bali sheria ya mwaka 1831 hawezi kuibadilisha.